Mpaka umepita chini ya meza: stori ya Baarle, na mpera wa bibi yangu

Bibi yangu mzaa mama akitoka kwenda kwa dada yake anasema "naenda ng'ambo", na hiyo ng'ambo yenyewe ni mwendo wa dakika 40 kwa mguu kupita mashamba ya mihogo na mikorosho, hakuna bahari hakuna nini. Ni Kenya tu. Yeye yuko huku kwetu upande wa Tanzania, nje kidogo ya Horohoro, dada yake aliolewa upande wa Lunga Lunga zamani hizo, na wote ni Wadigo, wanasema lugha moja, wanapika samaki namna moja, wanazikana. Kwa hiyo mi nimekua najua mpaka ni shida ya wenye magari. Wenye miguu wana njia za panya.

Labda ndo maana nikaishia kwenye kazi ya kliaringi pale Tanga, kazi ambayo mpaka ndo unakulisha. Kontena likivuka bila karatasi sahihi, mteja anakupigia saa tano usiku kama vile we ndo uliyeumba forodha. Sasa mwaka fulani nikapata bahati ya kwenda Uholanzi, mji unaitwa Breda, kozi fupi ya mambo ya maghala na mizigo. Jumamosi ya pili, jamaa tuliyekuwa naye darasani, Mholanzi, akaniuliza we si mtu wa mipaka? Panda basi nenda Baarle, utakuja kunishukuru au utakuja kuumwa kichwa. Nilifanya yote mawili.

Ukishuka kwenye basi huoni ajabu yoyote. Kanisa, maduka, watu wazima kwenye baiskeli, harufu ya chipsi. Halafu unaangalia chini. Kwenye matofali ya barabara kumepangwa misalaba midogo myeupe, upande mmoja imeandikwa NL, upande mwingine B. Ukiufuata huo mstari unapinda, unakata njia ya waenda kwa miguu, unaingia ukuta wa nyumba ya mtu, unapotea, unautafuta unaukuta umetokea nyuma ya nyumba na kuendelea zake kama hakuna kilichotokea. Mi nilisimama mguu mmoja Uholanzi mmoja Ubelgiji nikapiga picha, kama kila mtu, halafu nikaona aibu maana bibi anafanya hivo kila wiki na hajawahi kupiga picha.

Iko hivi. Ule si mji mmoja, ni halmashauri mbili zimekaa mahali pamoja. Baarle-Nassau ni ya Uholanzi, Baarle-Hertog ni ya Ubelgiji. Ila usifikirie kwamba moja iko kushoto nyingine kulia. Hapana. Ubelgiji ina viraka 22 vilivyozungukwa na ardhi ya Uholanzi pande zote, na ndani ya viraka hivyo vya Ubelgiji kuna viraka vingine 7 vya Uholanzi, yaani kiraka juu ya kiraka, kama suruali ya fundi gereji. Halafu kuna kipande kingine kimoja cha Uholanzi kimekaa peke yake kwa kule upande wa Ubelgiji. Mameya wawili. Polisi wa aina mbili. Namba za simu za nchi mbili, mtu anampigia jirani yake wa ng'ambo ya barabara kwa namba ya nchi nyingine. Na wakazi wote ukiwajumlisha ni kama 10,000 tu, hata Mtaa wa Sahare nadhani tunawazidi.

Nikaingia mgahawa mmoja ambao mstari umepita chini ya meza za nje. Dada aliyenihudumia alikuwa ameshachoka na maswali ya watalii, unaona usoni, lakini nilipomwambia natokea kijiji cha mpakani Afrika Mashariki akakaa kabisa. Nikamuuliza swali la kiforodha: sasa nyumba ikikatwa na mpaka katikati, jiko huku kitanda kule, kodi inalipwa wapi? Akasema, mlango wa mbele. Basi. Mlango wako wa mbele ukifungukia Ubelgiji, we na nyumba yako ni wa Ubelgiji, hata kama sebule na choo viko Uholanzi. Ndo maana kila namba ya nyumba pale ina kibendera kidogo pembeni, uelewe uko wapi. Na kuna nyumba moja, hii nilienda kuiona kwa macho, mpaka umepita katikati ya mlango wenyewe, kwa hiyo ina namba mbili, kushoto ya Ubelgiji kulia ya Uholanzi. Nilitaka kugonga niulize umeme unalipia wapi ila nikaona nitafukuzwa.

Watu wa pale wanasimulia kwamba mpaka ulipopimwa vizuri kwa mara ya mwisho, kazi iliyoisha mwaka 1995 (ndio, 1995, mwaka uleule sisi tulifanya uchaguzi wa vyama vingi), kuna mama mmoja mzee aligundulika kumbe yuko nchi siyo. Miaka yote anajijua wa nchi moja, vipimo vinasema wa nyingine. Mama hakutaka kubadilisha nchi uzeeni. Wakafanyaje? Wakahamisha mlango. Dirisha likawa mlango, mlango ukawa dirisha, mambo yakaisha.

Jioni ile nikampigia bibi. Shikamoo bibi, marahaba mume wangu, umekula? Nikamsimulia yote, viraka, misalaba, mpaka unaingia ndani ya nyumba. Akanisikiliza, akauliza swali moja tu: "Na hao wakikosana na serikali ya huku, si wanahamisha mlango?" Yaani sikuwa nimefika hata kwenye sehemu ya yule mama. Nikacheka mpaka jamaa wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Sasa huu mchafuko ulitokea wapi. Nilidhani labda ni vita, au mlevi fulani alishika ramani. Kumbe ni makaratasi ya mwaka 1198. Mtawala wa Brabant, Henry wa Kwanza, alimpa bwana mkubwa wa Breda ardhi eneo lile ili awe upande wake. Lakini hakumpa yote. Mashamba yaliyokuwa tayari na wakulima wanaomlipa ushuru akabaki nayo mwenyewe, akatoa mapori na ardhi isiyolimwa. Mjanja kabisa, umegawa ardhi na bado mapato yote yako kwako, mi ningemwajiri. Hertog kwa lugha yao ni cheo cha huyo mtawala, na Nassau ni jina la ukoo uliokuja kuishika Breda baadaye kwa njia ya ndoa. Wakati ule hayo hayakuwa na uzito, ni shamba la fulani na shamba la fulani. Mwaka 1648 Uholanzi ikajitenga rasmi na utawala wa Hispania huku kusini kukibaki chini ya Mhispania, na ghafla uzio wa shamba unakuwa mpaka wa dola. Mwaka 1830 Ubelgiji ikajitangazia uhuru wake, na mwaka 1843 walipokaa kuandika mpaka wao wote toka mwanzo hadi mwisho, wakafika Baarle wakashindwa. Wakaruka. Wakaandika tu orodha ya viwanja, kimoja kimoja, kiwanja hiki cha huyu hiki cha yule, zaidi ya viwanja 5,700. Hata hiyo orodha ikawa na utata, viwanja viwili wakavipeleka mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, na mwaka 1959 Ubelgiji ikashinda. Viwanja viwili vya nyasi jamani!

Stori iliyonikaa zaidi ni ya Vita vya Kwanza. Wajerumani waliichukua karibu Ubelgiji yote mwaka 1914, ila viraka vya Baarle hawakuvigusa, kwa sababu kufika pale lazima ukanyage Uholanzi, na Uholanzi haikuwa vitani. Kwa hiyo kukawa na Ubelgiji huru imekaa katikati ya shamba la Mholanzi. Mwaka 1915 Wabelgiji wakasimamisha pale mtambo wa redio, wananasa mawasiliano ya Wajerumani. Waholanzi nao wakaogopa kuonekana wanasaidia upande mmoja, wakazungushia viraka uzio na kukagua kila kinachoingia. Na mwaka huohuo Wajerumani wakatandaza waya wa umeme mkali kwenye mpaka wote wa Ubelgiji na Uholanzi, watu mamia walikufa wakijaribu kuvuka. Watu walikuwa hawajazoea umeme, wengine walidhani ni seng'enge tu.

Baada ya Vita vya Pili ikaja magendo, na hapa nilijisikia nyumbani. Siagi! Uholanzi siagi ilikuwa rahisi, Ubelgiji ghali, kwa hiyo miaka ya 50 na 60 watu kanda ile walivusha siagi kwa magari waliyoyawekea vyuma kuzuia risasi, wakifukuzwa na forodha wanamwaga misumari ya ncha nne barabarani ili matairi ya wenzao yapasuke. Siku hizi forodha haipo baina yao lakini sheria bado mbili, kwa hiyo watu bado wanatafuta upenyo. Fataki kwa mfano, kwa miaka mingi Waholanzi walifurika maduka ya upande wa Ubelgiji kununua, maana kwao zilikuwa zinauzwa siku chache tu mwisho wa mwaka. Bia, Ubelgiji unaruhusiwa ukiwa na miaka 16, Uholanzi toka 2014 lazima ufike miaka 18. Na wakati wa korona, 2020, Ubelgiji ilifunga maduka ya nguo, Uholanzi haikufunga, na duka moja lililokatwa na mpaka likawekwa utepe katikati, nusu unanunua, nusu hugusi. Soksi ziko mita mbili mbele yako unaziona ila ziko nchi nyingine.

Mwanzo nililiona jambo lote kama kichekesho, unajua tena, Wazungu nao wana vituko. Lakini kwenye basi nikirudi ikaja fikra nyingine. Mpaka wa pale umepindapinda kwa sababu aliyeuandika alijua kila shamba, nani analima, nani analipa. Umechora watu. Wa kwetu umenyooka. Chukua ramani, toka pwani karibu na Vanga uende mpaka Ziwa Viktoria, ni rula, ikakwepa Kilimanjaro ikanyooka tena. Tarehe 1 Novemba 1886, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana huo mstari, hawakujua kuna dada wawili wangeishia pande mbili, maana hawakuwa wanatafuta dada, walikuwa wanatafuta bandari na mlima. Mstari ulionyooka ni dalili kwamba mchoraji hakumuona mtu yeyote pale chini.

Na hapohapo ngoja niseme kitu maana kinaniudhi kila kikirushwa kwenye magrupu. Ile stori kwamba Malkia Victoria alimpa Kaiser Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndo maana mpaka umekunja pale, si kweli. Wilhelm alikuwa mjukuu wake, sawa, lakini amekuwa Kaiser mwaka 1888. Mpaka ulichorwa miaka miwili kabla. Watu wa Karl Peters walishaanza kukusanya mikataba ya ulaghai na machifu bara, Wajerumani wakataka mlima, Waingereza wakabaki na Mombasa. Biashara tu, hakuna keki wala mshumaa.

Cha ajabu cha kweli kwenye mwambao wetu hakirushwi na mtu. Mkataba uleule wa 1886 ulimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wa maili 10 kuingia bara. Upande wa huku Mjerumani akaununua baadaye, lakini upande wa Kenya Waingereza waliukodi, yaani walikuwa wapangaji, na bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea juu ya Fort Jesus pale Mombasa mpaka 1963. Makubaliano ya kuuachia ukanda kwa Kenya yalifanyika Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru. Kwa hiyo dada wa bibi aliolewa "Kenya" ambayo kwenye makaratasi ilikuwa bado ya Zanzibar. Nilimwambia hilo mwenyewe nilipokwenda kumsalimia. Akanijibu, "Mahari ilikuwa mbuzi wanne, hiyo Zanzibar siikumbuki."

Toka Baarle nikawa mgonjwa wa viraka. Usiku badala ya kulala nafungua ramani kwenye simu, bando linaisha nanunua jingine. Kuna kisiwa kinaitwa Île des Faisans kwenye mto Bidasoa, kati ya Ufaransa na Hispania, hakuna anayeishi pale, na kila miezi sita kinabadilisha nchi, Februari mpaka mwisho wa Julai Hispania, halafu Ufaransa, kama mtoto wa wazazi walioachana. Kuna Bir Tawil, jangwa la zaidi ya kilomita za mraba 2,000 kati ya Misri na Sudani ambalo wote hawalitaki! Waingereza walichora mstari 1899, wakachora mwingine 1902, na kila nchi inashika mstari unaompa kipande kizuri cha Hala'ib kule pwani ya Bahari ya Shamu, na ukiushika huo Bir Tawil inaenda kwa mwenzako. Baba mmoja Mmarekani alikwenda kusimika bendera 2014 ili binti yake awe binti mfalme. Wafugaji wa Ababda wanaopita pale na mifugo yao toka enzi hawakuulizwa, kama kawaida.

Halafu kuna India na Bangladesh, na hapa kicheko kilikatika. Eneo la Cooch Behar lilikuwa na viraka 162, vya India ndani ya Bangladesh na vya Bangladesh ndani ya India. Kimoja, Dahala Khagrabari, kilikuwa shamba la India ndani ya ardhi ya Bangladesh, ndani ya ardhi ya India, ndani ya Bangladesh. Soma tena taratibu. Wenyeji wana hadithi kwamba wafalme wawili walikuwa wanacheza sataranji na kuwekeana vijiji dau. Ila Baarle wana mameya wawili na mabomba ya maji, kule zaidi ya watu 50,000 walikaa miongo bila umeme, bila shule, bila kitambulisho cha maana, maana kufika nchi yako unapaswa kuvuka nchi ya mwenzako, na kuvuka kunataka viza, na viza inatolewa kwenye mji ambao kuufikia ndo huko kuvuka. Mtu akitoka kwenda hospitali ni mhalifu. Ilidumu mpaka usiku wa tarehe 31 Julai 2015, nchi mbili zikabadilishana viraka, watu wakachagua wawe wa wapi. Unaona kumbe mpaka uleule uliopinda, wapi wanauza postikadi, wapi unaua mtu kwa homa, na tofauti yenyewe ni iwapo serikali mbili zinasalimiana.

Nikaandika kidogo kuhusu haya kwenye grupu la familia na mama mdogo akajibu kwa voisi. Yeye yuko Muscat, aliolewa na Muomani ambaye kwao walitoka Unguja baada ya 1964, nyumba nzima Kiswahili tu mpaka watoto wanatukanana kwa Kiswahili. Akasema mwanangu hujui, sisi huku tunayo hiyo, uje nikupeleke. Kuna mahali panaitwa Madha, ni Oman, lakini pamezungukwa na Emirates pande zote. Na ndani ya Madha kuna kijiji, Nahwa, ambacho ni Emirates tena, cha Sharjah. Andazi lenye tundu, na ndani ya tundu kuna kipande cha andazi, alivyolisema yeye. Kwamba zamani, kwenye miaka ya 1930 kuelekea 40, wazee wa Madha waliulizwa wanataka kuwa chini ya nani, wakamchagua Sultani wa Muscat wakiamini ana nguvu zaidi na atawalindia maji yao, jirani zao wa Nahwa wakabaki na watu wa Sharjah. Yeye na mume wake walipita pale kwa gari wakiwa wanakwenda Khor Fakkan kutembea. Hakuna geti, hakuna askari, barabara moja. "Tumejua tumeingia kwetu kwa sababu ya simu," akasema. "Meseji ya karibu Oman, baada ya muda karibu Emirates, mara karibu Oman tena, mpaka mume wangu akakasirika akaizima."

Hapo nikacheka peke yangu maana hiyo meseji naijua. Nikienda kwa bibi nikikaa kwenye baraza lake, ardhi ya Tanzania, kwenye nyumba inayolipiwa kodi Tanzania, mlango wa mbele unaangalia Tanga, simu inalia: karibu Kenya. Mnara wa ng'ambo una nguvu kuliko wetu. Ukijisahau ukapiga, vocha ya elfu tano inayeyuka kwa salamu tu. Bibi alishaliwa hivo mara mbili, akatembea uwanja mzima na simu yake ya tochi mkononi akitafuta mahali mtandao wa nyumbani unashika, na akapapata, sehemu moja tu, tawi la pili la mpera nyuma ya jiko. Basi simu inakaa mle kwenye mfuko wa rambo umefungwa kwenye tawi, kuanzia asubuhi mpaka kiza. Ikilia anakwenda anasimama chini ya mpera anaongea akiwa ameangalia juu, imewekwa spika, majirani wa nchi zote mbili wanasikia habari zetu. Ukimpigia asipopokea usipate wasiwasi. Ama anashuka taratibu magoti yanamsumbua, ama amekwenda ng'ambo.